Kwaya na wasanii wa Nyanda za Juu Kusini, msilipie kufuli la nyimbo: linamfunga aliyenunua

Fundi wa Studio (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nipo Mbeya, kazi yangu ni kurekodi, na wateja wangu wengi ni kwaya za Rungwe, Kyela na Mbozi, mara nyingine Makete na Njombe. Naandika hapa hadharani kwa sababu swali hili nimeulizwa na waweka hazina wengi, na nikiendelea kulijibu pembeni pembeni halitaisha. "Fundi, hakuna namna ya kuzifunga hizi nyimbo, mtu akinunua asimrushie mwenzake?"

Wanauliza kwa uchungu, na uchungu wenyewe naujua. Albamu ya kwaya ya kijijini haigharamiwi na tajiri. Watu wanachangishana, wanauza maharage na ndizi, wanalima shamba la kwaya, siku za kurekodi wanalala sakafuni kwa ndugu zao mjini. Uzinduzi ukipita, haichukui muda nyimbo zote ziko kwenye vibanda vya Mwanjelwa na Kabwe. Mteja anajaziwa kadi nzima, na kwaya haijui hata nani kazipeleka.

Sasa wamejitokeza watu wanaofanya biashara na uchungu huo. Wanapita kwa wachungaji na viongozi wa kwaya wakiuza "mfumo wa ulinzi". Mnalipa, nyimbo zenu zinafunguka kwenye simu ya mnunuzi peke yake, hazinakiliki. Nimekaa nao, nimeuliza maswali, nimeona wanachouza. Ni kufuli la kidijitali, lile ambalo huko duniani linaitwa DRM. Makampuni makubwa ya muziki yalishalifunga kwenye nyimbo za kuuza, yakiwa na pesa na wataalamu wa kila aina, na yenyewe yakaamua kulitoa. Kwa nini mweka hazina wa kwaya ya Itumba alipie leo kitu ambacho wenye pesa walikitupa zamani?

Nieleze linavyofanya kazi, maana ukilielewa hapo hutahitaji kuniamini mimi.

Wimbo unafichwa kwa hesabu mpaka usisomeke bila ufunguo. Programu kwenye simu inaomba ufunguo kwenye seva, yaani kompyuta ya muuzaji iliyoko mtandaoni, seva inaangalia kama umelipa, inakupa. Hesabu zenyewe ni imara, za aina hiyo hiyo ndizo zinazolinda miamala ya benki. Lakini kwenye muamala, adui ni mtu wa tatu anayechungulia njiani. Kwenye wimbo, unayemuuzia ndiye huyo huyo unayemzuia. Simu yake lazima iwe na faili na iwe na ufunguo, la sivyo wimbo haulii. Ni kumuuzia mtu sanduku lenye kufuli, ukamkabidhi na ufunguo, kisha ukaomba asigundue kwamba anao. Mwandishi Cory Doctorow aliwaeleza jambo hili watafiti wa Microsoft mwaka 2004, uso kwa uso, kwenye ofisi zao.

Na hata ufunguo ukifichwa vizuri namna gani, mwisho wa yote sauti lazima itoke, kwa sababu masikio ya binadamu hayasomi faili lililofungwa. Waya mmoja kutoka tundu la hedifoni la simu kwenda kwenye kompyuta unatosha kurekodi upya wimbo mzima ukiwa wazi. Mimi nikiwa studio na spika zangu naweza kuusikia upungufu wa kopi hiyo. Mteja anayeusikiliza kwenye redio ya flashi shambani hausikii. Kufuli linatakiwa lishinde kwenye kila simu, kila siku. Mwenye kibanda akishinda kwenye simu moja, kazi imekwisha.

Yaliyotokea wala si siri. Mwaka 2002 CD zenye kinga ziliingia sokoni, watu wakagundua kwamba ukipaka kalamu ya maka kwenye ukingo wa diski, kinga inakufa. Mwaka 2003 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, John Halderman, alionyesha kwamba kinga ya kampuni ya SunnComm unaizuia kwa kushikilia kitufe cha Shift unapoingiza CD kwenye kompyuta. Kampuni ikatishia kumshtaki, kisha ikaghairi.

Lakini la mwaka 2005 ndilo lililonifanya nisitake kuigusa kazi hii. Sony BMG walitoa CD ambazo ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows zinaingiza programu kimya kimya, inajificha ndani kabisa ya mfumo, na kuiondoa ni balaa. Mtaalamu Mark Russinovich aliikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe, akatangaza tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Programu ile ilificha faili lolote ambalo jina lake linaanza na alama fulani, na watengeneza virusi wakaanza kutumia maficho yale yale. CD zilizotolewa zilikuwa mamilioni. Kampuni ikaziita zirudi, ikashtakiwa. Naomba mtu atazame ni nani aliyeumia pale. Aliumia aliyekwenda dukani akatoa hela yake. Aliyepakua bure kwenye intaneti hakuguswa na chochote.

Ndipo Februari 2007 Steve Jobs wa Apple akaandika barua ya wazi, yeye ambaye duka lake la iTunes lilikuwa linauza nyimbo zenye kufuli tangu 2003. Alisema mwaka 2006 nyimbo zenye kufuli zilizouzwa mtandaoni duniani zilikuwa chini ya bilioni 2, wakati makampuni hayo hayo yaliuza zaidi ya bilioni 20 kwenye CD bila kufuli lolote. Yaani mlango wa mbele unafungwa kwa komeo wakati nyumba haina ukuta wa nyuma. Kampuni ya muziki ya EMI wakakubali kuuza bila kufuli mwaka huo huo, Amazon wakafungua duka la MP3 zilizo wazi, na Januari 2009 Apple wakatangaza kwamba nyimbo zote dukani kwao zitauzwa bila kufuli. Muziki haukufa.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo jambo linaponiuma zaidi.

Nani ananunua nyimbo za kwaya zetu? Mama mwenye duka Uyole ana sabufa yenye tundu la flashi. Dereva wa lori anayekwenda Tunduma ana redio ya gari inayosoma kadi. Mkulima wa viazi Umalila anatembea na redio ndogo mfukoni, inachajiwa kwa sola. Vifaa hivyo havina programu, havina akaunti, havina intaneti. Vinajua MP3, basi. Faili lenye kufuli ukiliweka humo halilii kabisa. Kwa hiyo mnunuzi mwaminifu anatoa hela yake anapata kitu kisicholia kwenye redio yake, na jirani yake aliyejaziwa kibandani anapata kinacholia kila mahali. Mmeifanya bidhaa yenu ya halali kuwa mbovu kuliko ya wizi, na kwa kazi hiyo mmelipa.

Halafu kuna mtandao. Anayeishi Forest au Sokomatola anaweza asielewe. Nenda Kitulo, nenda Bulongwa, nenda mabonde ya Ileje. Programu inayotaka kuuliza seva kabla wimbo haujalia itamwacha mtu na simu bubu kwenye msiba, mahali ambapo wimbo wa kwaya ndio unaohitajika kuliko kitu chochote.

Sisemi nyimbo ni za bure. Anayechukua kazi ya kwaya akaiuza kibandani bila ruhusa anaiba, na nitalisema hilo hata mbele yake. Ninachosema ni kwamba kufuli halimgusi huyo. Karibuni tujadili, na kama kuna kwaya imeshalipa, aniambie wameandikishana nini.

Mtoto wa Mafiati

Mkuu umeandika vizuri lakini unatuchanganya. Boomplay si wana kufuli? Spotify je? Nyimbo unazopakua mule huwezi kuzitoa ukaziweka kwenye flashi. Na wao ni makampuni makubwa, hawajaliacha. Sasa mbona unasema wakubwa walilitupa?

Fundi wa Studio

Swali zuri sana, na nilitakiwa niligawanye kule juu.

Kuna kununua na kuna kukodi. Boomplay na Spotify wanakukodisha. Unalipa kwa mwezi, au unasikiliza matangazo, nao wanakufungulia ghala zima la nyimbo. Ukiacha kulipa, wanafunga. Kukodi bila kufuli hakuwezekani, mtu angelipa mwezi mmoja akabeba ghala lote. Hapo mkataba unajulikana kwa pande zote mbili, sina ugomvi nao. Spotify, kwa mfano, nyimbo ulizopakua zinataka simu iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo zinanyamaza. Aliyekodi anajua kakodi.

Kilichotupwa ni kufuli kwenye wimbo wa kuuza. Ukimwambia mtu "nunua", mpe kitu kiwe chake. Hawa jamaa wanaopita makanisani wanatoza bei ya kununua, wanatoa masharti ya kukodi. Muumini anayetoa hela yake baada ya ibada anadhani ameipata albamu. Hajaipata. Amepewa ruhusa, na ruhusa hiyo iko kwenye seva ya mtu asiyemjua.

Na kuna wanaotoa faili lililo wazi kihalali. Mdundo, walioanza Kenya mwaka 2012 na kuingia soko la hisa kule Denmark mwaka 2020, biashara yao ilijengwa juu ya MP3 unayopakua ukaiweka popote. Sehemu ya pesa yao inatoka kwenye matangazo, na wanagawana na wasanii. Wamejenga biashara kwa kuelewa kwamba Mwafrika wa kawaida anasikiliza muziki akiwa nje ya mtandao.

Kamwene wa Kihesa

Kamwene mkuu, salamu kutoka Iringa. Yangu fupi. Nilinunua albamu ya injili kwenye programu moja, sitaitaja. Simu ikaanguka, kioo kikafa, nikanunua nyingine. Naingia kwenye akaunti naambiwa nyimbo zimefungwa kwenye kifaa cha zamani, niwasiliane na huduma kwa wateja. Huduma kwa wateja hawajibu mpaka leo. Hela yangu ndogo, sikudai sana. Lakini sijanunua tena kwa mtindo huo, nikitaka wimbo naenda kibandani Miyomboni. Najua si halali, ila ule unalia.

Fundi wa Studio

Pole sana ndugu yangu. Na viongozi wa kwaya wasome ujumbe huu mara mbili. Huyu ni mtu aliyekuwa analipa. Alikuwa mteja kamili, mwenye nia. Kufuli ndilo lililomfukuza likampeleka kibandani.

Kibanda Mwanjelwa

Naona tunatajwa tu hapa. Mimi ndiye hao wenye vibanda. Mteja anakuja na kadi yake anasema nijazie kwaya, nijazie za zamani, nijazie singeli. Namjazia. Analipia umeme wangu, kompyuta yangu na muda wangu. Mimi siuzi nyimbo, nauza huduma. Na niseme ukweli, kwaya nyingi za vijijini zinajulikana mjini kwa sababu yetu. Redio haziwapigi, televisheni haziwajui. Dereva anasikia kwangu, anapeleka Chunya, Makongolosi, mpaka Zambia. Halafu wanaitwa kwenye mikutano ya injili. Nani kawatangaza?

Na katika miaka yote ya kazi hii hakuna kwaya iliyokuja kuniambia bei yetu ni hii, tuuzie.

Fundi wa Studio

Asante kwa kujitokeza, wengi wa biashara yako hawajitokezi.

Nitakuwa muwazi kama ulivyokuwa muwazi. Mteja hakulipi kwa ajili ya umeme. Akija kwako na ukamjazia kadi kelele tupu, hatakupa hata mia. Anachokulipia kimetoka kooni kwa watu wengine. Kuwatangaza ni kweli mnawatangaza, silikatai, lakini kutangaza bila kuulizwa hakukupi haki ya kuweka mfukoni pato lote.

Ila sentensi yako ya mwisho ndiyo nimeikuza nikaisoma tena. Hakuna aliyekuja. Ni kweli tupu. Kwaya inazindua albamu, inauza siku ile, wageni wa heshima wanatoa ahadi zao, kisha biashara imekwisha. Hakuna anayewafuata watu wa Mwanjelwa, Kabwe, Mbalizi, Makambako, Mafinga. Ninyi ndio maduka ya muziki ya kanda hii, tukubali tusikubali. Je, kwaya ikikuletea albamu mapema kuliko mtu mwingine yeyote, sauti safi, picha ya jalada, na mkakubaliana mgawo kwa kila albamu unayojaza, utauza na kupeleka fungu lao?

Kibanda Mwanjelwa

Kama mgawo una akili na mimi ndiye napata wa kwanza, nitauza. Kupata wa kwanza ndiyo hela yote kwenye hii kazi. Wiki mbili za mwanzo, baada ya hapo kila mtu anao. Lakini watajuaje nimejaza ngapi?

Fundi wa Studio

Hawatajua zote. Ndiyo maana wengine wanakubaliana kiasi kimoja cha mbele kwa zile wiki mbili ulizozitaja, badala ya kuhesabu moja moja. Kwaya inapata hela mkononi, wewe unapata kutangulia. Hiyo ni bei ya muda, na muda hauwezi kunakiliwa.

Mwanafunzi wa Sheria

Naomba kuweka upande wa sheria, kwa Tanzania Bara. Inayotuongoza ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na msimamizi ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Mambo matatu yanahusu uzi huu.

Kwanza, mtu aliyepata wimbo kihalali anaruhusiwa kunakili kwa matumizi yake binafsi. Kutoa kwenye simu yako kuweka kwenye flashi yako ni jambo linaloingia hapo. Kibanda hakiingii, kwa sababu ni biashara na anayenakili si mtumiaji mwenyewe. Pole kaka wa Mwanjelwa.

Pili, sheria hiyo hiyo inagusa utengenezaji na uingizaji wa vifaa vilivyoundwa mahsusi kuvunja kinga za kunakili. Mikataba ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, ya mwaka 1996 nayo inagusa jambo hili. Kwa hiyo mtu asisome uzi huu akafungua biashara ya kuvunja makufuli.

Tatu, haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kwaya nyingi zinaimba nyimbo za mtunzi bila karatasi yoyote ya makubaliano naye, kisha zinalalamika kuibiwa. Kabla ya kurekodi muulizeni mtunzi, hata kama ni mwalimu wa kwaya wa zamani aliyehamia usharika mwingine. Mkiandikiana, hata wajukuu wake hawatawasumbua.

Fundi wa Studio

Ubarikiwe sana. Hiyo ya tatu naikuta studio kila mara, wanafika wimbo umeshapangwa vizuri na hakuna anayejua mtunzi yuko wapi.

Na ya kwanza ndiyo inayonikera kuhusu kufuli. Sheria imemwachia mnunuzi nafasi ya kujinakilia kwa matumizi yake. Kufuli linaifuta nafasi hiyo bila Bunge kukaa. Programu haiwezi kujua kama unapeleka wimbo kwenye sabufa yako sebuleni au unampelekea mtu mwingine, kwa hiyo inakataa yote.

Mzee wa Kanda

Wanangu, mimi ni mtu wa Mshindo, nimestaafu. Nimesoma yote.

Wakati wetu bendi zilirekodiwa Redio Tanzania, kanda zikabaki Redio Tanzania. Sisi tuliokuwa na redio kaseti tulikuwa tunasubiri kipindi, tunabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, tunapata wimbo na sauti ya mtangazaji juu yake. Ninazo kanda za kwaya za Moravian na za KKKT ambazo nikiwauliza vijana wa kwaya hizo leo, wao wenyewe hawana. Wamekuja kunakili kwangu. Kanda ya asili iliharibika, aliyekuwa anaitunza alifariki, nyumba ikauzwa. Mwaka 2013 serikali ilipoleta stempu za TRA kwenye CD na DVD nilidhani sasa mambo yatakaa sawa, lakini CD zenyewe zikaondoka sokoni muda si mrefu, na stempu haina pa kubandikwa kwenye faili.

Nauliza hivi: hilo kufuli lenu, kampuni ikifungwa, nyimbo zinakwenda wapi?

Fundi wa Studio

Shikamoo mzee. Umeuliza swali ambalo wale wauzaji sikuwasikia wakilijibu.

Zinakufa mzee, na imeshatokea. Mwaka 2008 Microsoft walitangaza kwamba watazima seva za funguo za duka lao la MSN Music. Maana yake ni kwamba aliyenunua nyimbo pale hataweza tena kuzihamishia kwenye kompyuta mpya. Watu wakapiga kelele, wakaongezewa muda. Mwaka huo huo Yahoo nao wakafunga duka lao la nyimbo na seva zake, wakawashauri wateja wazichome nyimbo kwenye CD kabla ya siku ya kufunga. Hao ni Microsoft na Yahoo. Hawa wanaopita Mbeya na begi la kompyuta, seva yao inalipiwa mwaka hadi mwaka, na siku wakishindwa kulipia, albamu ya kwaya inazimika kwenye simu zote kwa pamoja.

Kanda zako zimebaki hai kwa sababu hazikuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kulia. Naomba kwa heshima zote: kama afya inaruhusu, ziingizwe kwenye kompyuta mapema, kanda ya sumaku haisubiri. Nitakuja Iringa na mashine, bila gharama yoyote kwako. Tutatoa kopi mbili, moja ikae kwako, nyingine irudi kwa kwaya yenyewe.

Mzee wa Kanda

Marahaba. Njoo. Zipo kwenye sanduku la bati, hazijaguswa na panya.

Alto wa Tukuyu

Kaka fundi, ndaga fijo kwa somo. Mimi ni mwanakwaya, na sisi ni kati ya waliofuatwa na hao watu. Bado hatujalipa, tunakaa kikao wiki ijayo. Nimeelewa kwamba kufuli halifai. Lakini nikifika kikaoni nikasema tusifunge, wataniuliza sasa tunakula nini? Tulijaribu kuweka nyimbo kwenye majukwaa ya kimataifa kupitia msambazaji, mpaka leo hakijaonekana kitu. Tuna deni la sare na deni la studio (si yako). Nipe cha kuwaambia.

Fundi wa Studio

Dada, hapo ndipo penyewe, acha nikujibu kwa urefu.

Kuhusu majukwaa ya kimataifa, si lazima msambazaji amewaibia. Spotify kuanzia 2024 wimbo ambao haujasikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizwi kwenye hesabu ya malipo. Kwaya ya usharika mmoja ina waumini wanaoupenda wimbo kweli, lakini wengi wao hawasikilizii huko. Waachie nyimbo ziendelee kukaa, mtu wa Dar au wa ughaibuni atazikuta, ila msipangie bajeti ya sare kutoka huko. YouTube angalieni tofauti kidogo. Wana mfumo wa Content ID, ulioanza 2007, unaotambua wimbo wenu hata mtu mwingine akiupandisha, na mwenye haki anaweza kuchagua video ibaki na pesa ya matangazo ije kwake. Kwaya ndogo haipewi mfumo huo moja kwa moja, mwulizeni msambazaji wenu kama anautoa na anachukua asilimia ngapi. Mwambieni awaonyeshe pia kama kila wimbo umepewa ISRC, ule msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaoutambulisha wimbo, maana bila huo wimbo wenu ni mtoto asiye na jina.

Hela ya karibu iko kwa watu wenu. Fungueni lipa namba kwa jina la kwaya, isiwe namba ya simu ya mwenyekiti, nimeona kwaya zikivunjika kwa hilo. Mtu akilipa, anatumiwa albamu kwa linki au WhatsApp, MP3 safi, wazi, ya kilobiti 320 kwa sekunde. Asiye na simu kubwa anauziwa flashi yenye nyimbo na picha ya jalada. Siku ya uzinduzi wekeni kijana mwenye kompyuta mlangoni, anayejaza kadi za watu papo hapo kwa bei ya kwaya. Ile kazi ya kibanda ifanyeni ninyi kwanza.

Na kwa kuwa nyimbo zitanakiliwa mkitaka msitake, ifanyeni kila kopi itangaze mahali pa kulipia. Ndani ya faili la MP3 kuna nafasi ya jina la wimbo, jina la kwaya, mwaka, picha na maoni. Studio nyingi zinaacha nafasi hizo tupu, wimbo unafika Chunya unaitwa "Track 03". Jazeni zote. Kwenye picha ya jalada andikeni lipa namba kubwa, isomeke kwenye kioo kidogo. Mwisho wa wimbo wa mwisho mwenyekiti aseme kwa sauti yake, sekunde kumi tu: sisi ni kwaya fulani wa Tukuyu, kama wimbo huu umekubariki na uliupata kwa rafiki, tuchangie kwa namba hii. Msiweke katikati ya wimbo, mtawaudhi wanaoombolezea. Programu ya kulijaza hilo ni ya bure, njoo na laptopu ya kwaya nitawafundisha bila malipo.

Kasajilini kazi COSOTA kabla ya uzinduzi, na mwende na jina la mtunzi kama alivyosema mwanafunzi wetu. Kibanda Mwanjelwa amejitokeza hapa kwa hiari yake. Mwandikieni, mkubaliane bei ya wiki mbili za mwanzo.

Kikaoni wapeni maswali ya kuwauliza wale wauzaji. Je, wimbo utalia kwenye redio ya flashi? Mtu akibadilisha simu inakuwaje? Seva inalipiwa mpaka lini, na ikizimwa mnunuzi anabaki na nini? Majibu yaandikwe kwenye mkataba na kupigwa muhuri. Wakigoma kuandika, mmeshapata jibu.

Alto wa Tukuyu

Nimeyanakili yote kwenye daftari. Swali moja la mwisho: nyimbo zetu za albamu ya kwanza, zile zilizo kwenye vibanda tayari, hizo zimeshapotea au zinaweza kuwekewa hiyo namba?

Fundi wa Studio

Zilizoko kwenye simu za watu hamwezi kuzigusa. Lakini nileteeni za asili kutoka studio mliyorekodia, nitazisafisha sauti, tuzijaze taarifa na jalada jipya, kisha mzipeleke wenyewe vibandani bure. Mwenye kibanda akipata kopi yenye sauti nzuri kuliko aliyo nayo atafuta ile ya zamani, kwa sababu mteja wake anaisikia tofauti. Waombeni studio wawape na sauti na ala zikiwa zimetenganishwa, kila moja kwenye faili lake, si wimbo uliochanganywa peke yake. Mkisubiri sana wataifuta kompyuta.